Mbegu Mfano wa Pembe

Mnazi una nduguye katika misitu ya Ekwado, mti uitwao tagua. Mbegu yake ikiwa changa ina maji ya kunywa kama dafu. Ikikomaa huwa ngumu na nyeupe mithili ya pembe ya ndovu. Karne ya 19 ilisafirishwa hadi Hamburg, ikachongwa vifungo vya nguo. Miaka hiyohiyo pembe za ndovu wetu zilipitia Unguja kwenda Connecticut, Marekani, kufunika vibao vya piano. Sidhani, basi, kwamba tagua ilimwokoa ndovu yeyote. Baada ya vita vya 1939–1945 plastiki ikaliua soko lake. Mwokotaji, aliyepata riziki pasipo kukata mti, akabaki na msitu usio na bei. Misitu mingi ikafyekwa, ikapandwa migomba.