Lutindi na Dawa za Kutuliza Akili

Lutindi iko kwenye milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walijenga kituo hapo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikageuzwa makao ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kabla ya hapo mgonjwa wa Korogwe au wa Handeni alikuwa mikononi mwa jamaa na waganga, na akizidi ukali alifungwa kamba.

Tiba ya Bethel ilikuwa kazi za mikono, sala na utaratibu wa siku usiobadilika. Dawa zenyewe zilikuwa haba. Klorali, iliyoanza kutumika Berlin mwaka 1869, na paraldehidi ya mwaka 1882 zilimlaza mgonjwa tu; akiamka, wazimu uko palepale.

Badiliko kubwa lilitoka kwenye chumba cha upasuaji. Henri Laborit, mpasuaji wa jeshi la wanamaji la Ufaransa, alikuwa akitafuta dawa ya kuuzuia mwili usishtuke kwa kisu na nusukaputi. Alipojaribu klopromazini, iliyotengenezwa Desemba 1950, aliona jambo asilolitarajia: mgonjwa hakulala, bali alitulia, akawa hajali yanayomzunguka, na bado akajibu alipoulizwa. Laborit akawahimiza madaktari wa akili waijaribu. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaonyesha Paris kwamba inapunguza sauti na njozi za wagonjwa wao. Kwa jina la Lagaktili ikaenea duniani, na hospitali za Tanzania zinaitumia hadi leo.

Utulivu huo wa macho wazi ndio hasa unaohitajika katika upasuaji wa ubongo unaofanywa mgonjwa akiwa macho, ambao Wilder Penfield aliukuza Montreal. Mgonjwa husemeshwa wakati ubongo ukiguswa kwa umeme, ili sehemu ya usemi isikatwe. Hatari nyingine huja baadaye: kuweweseka, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, kutojua mahali wala saa, pengine kung'oa mipira ya dripu. Dawa za jamii ya Valiamu, ingawa hutuliza, zinaweza kuzidisha hali hiyo. Deksimedetomidini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999, humsinzisha mtu kwa namna ambayo akiitwa huitika. Katika utafiti wa Beijing uliotangazwa mwaka 2016, wazee 700 walifuatiliwa baada ya upasuaji usio wa moyo. Waliopewa kiasi kidogo cha dawa hiyo waliweweseka asilimia 9, wenzao asilimia 23. Kwa ubongo uliopasuliwa mgonjwa akiwa macho, matokeo hayo hayawezi kuchukuliwa yalivyo, kwa kuwa ubongo wenyewe umejeruhiwa, na dawa hiyo hushusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Kwa hiyo wodi nzuri haitegemei sindano peke yake. Mgonjwa hurudishiwa miwani yake, huachwa alale usiku, huamshwa atembee mapema, na ndugu hukaa karibu. Lutindi nayo, ambayo sasa ni hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, inatoa vidonge na sindano, na wagonjwa wake bado hufanya kazi katika mashamba ya chai.