Mjusi wa Gavana Gerry

Nenda jikoni uchukue punje 15 za maharage: nyeupe 9, nyekundu 6. Zigawe mafungu matatu ya punje tano tano, na kila fungu lichukuliwe na rangi iliyozidi. Sasa weka nyeupe tano zote fungu moja. Zimebaki nyeupe nne na nyekundu sita. Gawa mbili kwa tatu, mara mbili. Umeona? Nyekundu zimechukua mafungu mawili kati ya matatu, na hujaiba hata punje moja. Ujanja wenyewe ndo huo. Wapinzani wako wengine unawarundika sehemu moja washinde kwa kishindo kisicho na faida, waliobaki unawatawanya washindwe kidogo kidogo kila mahali.

Huko Massachusetts, Marekani, walifanya hivyo mwaka 1812. Chama cha Democratic-Republican kilikuwa na wabunge wengi, kikachora upya majimbo ya seneti, na Februari gavana Elbridge Gerry akatia saini. (Si mtu mdogo huyu: alisaini pia Azimio la Uhuru la Marekani.) Jimbo moja la kaunti ya Essex lilijipinda vibaya, hadi gazeti la Boston Gazette likalichora mwezi Machi likiwa na kucha, mabawa na meno. Jina la gavana likaunganishwa na la salamanda, mnyama anayefanana na mjusi, likazaliwa neno jerimanda. Gerry mwenyewe alitamka jina lake kwa G ya "gari". Dunia haikumjali hata kwa hilo.

Matokeo? Wapinzani, yaani Federalist, walipata kura 51,766 na viti 11. Chama cha Gerry kilipata kura 50,164 na viti 29. Lakini gavana mwenyewe aliangushwa mwaka huohuo, maana kwenye ugavana hakuna majimbo ya kuchora: kura zote zinahesabiwa pamoja.

Tangu hapo watu wamekuwa wakitafuta mijusi kwenye ramani, na kwa maoni yangu hapo ndo tunapopotea. Mpaka unaweza kupinda kwa sababu ya mto tu, na ramani ya kupendelea inaweza kuchorwa ikiwa imenyooka kama rula. Matokeo yasiyolingana na kura nayo hayatoshi kuwa ushahidi. Zanzibar, Julai 1963, ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Miezi michache baadaye yakaja Mapinduzi. Je, ni mipaka ilichezewa, au ni kwamba kura za ASP zilirundikana kwenye ngome zake bila kurundikwa na mtu? Kwa kuangalia jumla peke yake huwezi kujibu.

Sasa utajibuje? Hapa ndipo wanahisabati walipoingia. Jonathan Mattingly na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliiagiza kompyuta ichore ramani zaidi ya 24,000 za North Carolina, zote zikifuata sheria za kawaida: idadi ya watu iliyo sawa, majimbo yasiyokatika vipande, kaunti zisizomegwa ovyo. Kisha wakachukua kura halisi za 2016 na kuzihesabu upya kwenye kila ramani. Ramani ya wanasiasa iliwapa Republican viti 10 kati ya 13. Kati ya zile za kompyuta, zilizofikia hapo hazikufika hata asilimia 1. Yaani jiografia ilikuwa imeshapewa nafasi yake, na bado haikutosha kueleza.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Juni 2019 majaji watano dhidi ya wanne walisema upendeleo wa aina hii unaweza kweli kuwa dhuluma, ila si kazi ya mahakama za shirikisho kuupima. Rula ilikuwa mezani, wakakataa kuishika.

Mahakama ya juu ya North Carolina yenyewe iliishika mwaka 2022, na uchaguzi wa mwaka huo ukafanyika kwa ramani iliyochorwa kwa amri ya mahakama: viti 7 kwa 7. Mwaka 2023, baada ya majaji kubadilika, mahakama hiyohiyo ikafuta uamuzi wake. Wanasiasa wakarudi kwenye kalamu. Uchaguzi wa 2024 ukatoa 10 kwa 4.