Usawa wa Shilingi, Usawa wa Huduma: Kipimo cha Haki katika Mgao wa Kaunti

"Mtu mmoja, kura moja, shilingi moja." Kaulimbiu hiyo ilivuma nchini Kenya mwaka 2020, Seneti ilipokwama kikao baada ya kikao kuhusu mgao wa mapato ya kaunti. Mantiki yake ni nyepesi: fedha ni za wananchi, basi zigawiwe kwa hesabu ya vichwa. Makala hii inadai kwamba hesabu hiyo husawazisha shilingi na kuacha huduma zikiwa zimepishana.

Kwamba mali ya umma isigawiwe kwa upendeleo, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye kipimo. Mwaka 1979 mwanauchumi Amartya Sen aliuliza: usawa wa nini? Wanaohesabu vichwa wameliruka swali hilo. Wamesahau pia kwamba Waraka wa serikali Na. 10 wa 1965 ulielekeza uwekezaji kwenye maeneo yaliyotarajiwa kuzalisha zaidi, nyanda kame zikasubiri.

Tuchukue zahanati moja, na tuseme mgonjwa asitembee zaidi ya kilomita 5 kuifikia. Duara hilo lina kilomita za mraba 78 na ushei. Kwa sensa ya 2019, Kiambu ilikuwa na watu 2,417,735 kwenye kilomita za mraba zipatazo 2,500. Marsabit, watu 459,785 kwenye zipatazo 70,000. Kwa wastani, basi, duara la Kiambu lina watu kama 75,000, la Marsabit 500 hivi. Shilingi bilioni 370 zilizotengewa kaunti mwaka wa fedha 2021/22, zikigawiwa kwa vichwa, ni takriban shilingi 7,800 kwa kila Mkenya. Duara la Marsabit lingepata chini ya milioni 4 kwa mwaka: zahanati humo, maji humo, barabara humo, shule ya chekechea humo.

Nitaambiwa kwamba watu hawakutawanywa kama mtama shambani. Wengi wa Marsabit wako Moyale, mjini Marsabit na kando ya visima. Ni kweli, na wastani huu unaficha hilo. Lakini mfugaji huhama na malisho, na kisima cha kiangazi si cha masika. Pingamizi zito zaidi ni foleni ya Kiambu: zahanati moja haiwatoshi watu 75,000. Ndiyo maana sidai idadi ya watu ifutwe.

Fomula iliyopitishwa Septemba 2020 iliipa idadi ya watu asilimia 18 na ukubwa wa ardhi asilimia 8. Hata hivyo, maafikiano yenyewe yalipatikana kwa sharti kwamba mgao upande kutoka bilioni 316.5, ili pasiwe na kaunti ya kupunguziwa. Seneti ilipanua chungu. Swali la kipimo ikaliacha mezani. Huenda umbali usitoshe kuwa kipimo pekee. Ila fomula yoyote isiyouliza mgonjwa wa mwisho anatembea kilomita ngapi inastahili kuitwa hesabu, si haki.