Paka katika Mapokeo ya Kikristo: Maandiko, Tuhuma na Funzo kwa Mtafiti wa Songwe

Katika Mkoa wa Songwe, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, paka ana sura mbili. Mkulima wa mahindi humfuga ili alinde ghala dhidi ya panya. Wakati huohuo, paka mweusi aliaye usiku huweza kuhusishwa na uchawi. Pale muumini anapoihesabu hofu hiyo kuwa sehemu ya imani yake, huzuka swali la kihistoria: je, chimbuko lake ni Ukristo?

Maandiko hayaungi mkono dai hilo. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na baadaye kazi yao ikaenea hadi Mbozi. Biblia ya Kiprotestanti waliyoihubiri ina vitabu 66, na paka wa kufugwa hatajwi humo. Biblia ya Kikatoliki humtaja katika Baruku sura ya 6, akiwa miongoni mwa viumbe wanaotua juu ya sanamu za Babeli. Hapo paka si pepo. Ni ushahidi kwamba sanamu haiwezi hata kumfukuza mnyama.

Tuhuma zilizuka baadaye, huko Ulaya. Mwaka 1233 waraka wa Papa Gregori IX, Vox in Rama, ulisimulia ibada walizodaiwa kufanya wazushi wa Ujerumani, na ukamtaja paka mweusi. Haukuamuru paka wauawe. Mwaka 1566, mjini Chelmsford, Uingereza, Agnes Waterhouse alinyongwa kwa kosa la uchawi, baada ya kesi ambamo paka aliyeitwa Sathan alitajwa kuwa mtumwa wake. Hata hivyo, Ancrene Wisse, mwongozo wa karne ya 13 kwa wanawake Waingereza walioishi maisha ya upweke wa sala, uliwaruhusu kufuga mnyama mmoja tu: paka.

Kwa hiyo mapokeo ya Kikristo hayana kauli moja kuhusu paka. Mtafiti wa Songwe hana budi kutenganisha Maandiko, historia ya Ulaya na imani za wenyeji, ambazo zina mantiki yake zenyewe. Utenganisho huo si suala la nadharia pekee. Kama ilivyokuwa Chelmsford, mnyama akishafanywa ushahidi, anayehukumiwa si mnyama; mara nyingi ni mwanamke mzee, maskini, asiye na wa kumtetea.