Njia za kupunguza uchungu wa kujifungua

UCHUNGU wa mwana aujuaye ni mzazi, walinena wahenga. Hata hivyo, hakuna kanuni ya utabibu inayosema kwamba mja mzito sharti astahimili uchungu wote ndipo ahesabiwe mzazi kamili. Zipo njia kadhaa za kuupunguza, na anayezifahamu kabla ya siku yake kuwadia huwa na nafasi bora ya kuchagua.

Uchungu hutokea misuli ya mfuko wa uzazi inapokaza na kulegea ili mlango wa kizazi ufunguke hadi sentimita 10. Katika hatua hiyo ya kwanza, maumivu husikika tumboni na kiunoni. Mtoto anapoteremka, maumivu huhamia sehemu za chini zinazotanuka ili kumpisha. Ndiyo maana dawa inayofaa katika hatua moja huenda isifae katika nyingine.

Dawa za kutuliza uchungu wa uzazi zilipata upinzani tangu mwanzo. Mnamo 1847, daktari James Young Simpson wa Edinburgh, Scotland, alipoanza kuwapa wazazi klorofomu, wapo waliodai kuwa anaingilia maumbile. Pingamizi hizo zilipungua baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuitumia alipojifungua mwaka wa 1853.

Bila dawa

Kutembea, kubadili mkao, kukandwa mgongo, kuoga maji ya uvuguvugu na kuvuta pumzi polepole humpa mama nafuu bila kumdhuru mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2018, lilipendekeza pia kuwa mama awe na mtu amtakaye kando yake wakati wote wa kujifungua.

Gesi na sindano

Gesi ya kuvuta ni mchanganyiko wa oksijeni na naitrasi oksaidi kwa viwango sawa. Mama hujishikia kifaa mwenyewe na kuanza kuivuta mara uchungu unapochipuka. Huweza kumtia kizunguzungu au kichefuchefu, lakini huisha mwilini baada ya dakika chache.

Petidini hudungwa kwenye paja au tako. Huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hivi na kudumu saa mbili hadi nne. Haimalizi maumivu, na huleta usingizi na kichefuchefu. Ikitolewa mtoto akiwa karibu kuzaliwa, anaweza kuzubaa na kupumua kwa shida. Kwa sababu hiyo, mkunga hupima kwanza mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani.

Ganzi ya mgongoni

Epidurali ndiyo yenye nguvu zaidi. Mtaalamu wa dawa za ganzi hupitisha kimrija chembamba karibu na uti wa mgongo, na dawa huongezwa kadiri inavyohitajika. Mama hubaki macho, ingawa miguu huweza kuwa mizito. Shinikizo la damu huweza kushuka, hivyo ni lazima achunguzwe kila mara. Muda wa kusukuma huweza kurefuka, na uwezekano wa mtoto kuvutwa kwa kifaa ukaongezeka. Mama mmoja hivi kati ya 100 hupata maumivu makali ya kichwa, ambayo hutibika.

Wengi huiogopa wakiamini kuwa huleta maumivu ya mgongo ya kudumu. Utafiti haujathibitisha hofu hiyo, wala haujaonyesha kuwa huongeza visa vya upasuaji. Kikwazo kikubwa ni uhaba wa wataalamu na gharama. Wenye matatizo ya damu kuganda hawapaswi kupewa.

Mama anayehitaji kushonwa baada ya kujifungua naye anastahili kutiwa ganzi kwanza. Akihisi sindano ikimchoma, ana haki ya kuomba aongezewe.

Mja mzito aepuke dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu, kwani huweza kupasua mfuko wa uzazi.

Kliniki ya wajawazito ndipo pa kuuliza mapema: Hospitali hii ina dawa zipi? Mtaalamu wa ganzi hupatikana hata usiku? Gharama ni ngapi? Je, naruhusiwa kuandamana na mtu? Leba ikishaanza, muda wa kuuliza huwa mfupi mno.