Ustahimilivu si Uvumilivu

Ripoti za ukame na mafuriko ya kaunti ya Garissa nchini Kenya hazikosi neno moja la Kiingereza: resilience. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuruka na kurudi nyuma. Wahandisi walilitumia kwa chuma kinachopinda kisha kikajinyoosha. Katika miaka ya 1970 wanaikolojia walilichukua kuelezea misitu na malisho. Leo Umoja wa Mataifa unalitumia kwa uwezo wa jamii kukabili pigo la maafa, kulibeba, kujirekebisha na kuinuka kwa wakati bila kupoteza misingi yake.

Waandishi wa Kiswahili hulitafsiri kwa njia tatu: uvumilivu, mnepo na ustahimilivu. Tafsiri hizi hazilingani, na uchaguzi wetu unagusa maisha ya watu wanaorejea makwao baada ya kuhamishwa na maji au ukame.

Uvumilivu ni subira, na subira ni sifa ya moyo. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Mfugaji wa kaskazini mashariki hakukosa subira. Alikosa malisho, maji na soko. Kumtaka avumilie ni kumwachia mzigo wote peke yake.

Mnepo, neno linalosikika sana katika habari za Umoja wa Mataifa kwa Kiswahili, latokana na kunepa, yaani kuinama kama ufito uliolemewa. Ni neno zuri na liko karibu na Kilatini, lakini ufito hurudi pale pale ulipokuwa. Mto Tana ulifurika mwaka 1997, ukafurika tena 2018, 2023 na 2024. Familia inayorudi ukingoni, kwenye shamba lile lile na bila kinga yoyote mpya, imerudi hatarini.

Ustahimilivu ndio unaofaa. Shina lake ni lile la himili, hamali na mhimili: kubeba. Neno hili linatulazimisha kuuliza mzigo ni upi, nani anaubeba, na mhimili wake ni upi.

Tuanze na mto. Mvua kubwa hunyesha Mlima Kenya na milima ya Aberdare, mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakajaa, na maji huchukua siku kadhaa kufika Garissa. Huku Garissa anga inaweza kuwa nyeupe. Siku hizo ni mhimili, iwapo onyo litawafikia watu mapema, kwa lugha wanayoielewa, na wawe na pahali pa juu pa kuhamia. Mkulima wa ndizi, maembe na nyanya akipata habari mapema huondoa pampu yake na kuhamisha mbuzi. Asipoipata, hurejea akakuta pampu imezama, migomba imeoza na deni lingali pale pale. Unga wa msaada utamlisha kwa wiki chache. Pampu na miche ndivyo vitakavyomrudishia riziki.

Wasomali wa Garissa wana mihimili yao ya tangu zamani. Irmaansi ni desturi ya kumwazima mwenye shida mnyama wa maziwa. Ayuuto ni mchango wa zamu ambao wanawake wengi huutegemea kufungua au kufufua biashara. Lakini ukame unapomaliza mifugo ya ukoo mzima, hakuna aliyebaki na ngamia wa kuazima, na wengi huishia kwenye bula, yaani mitaa ya pembezoni mwa mji. Hapo ndipo bima na serikali zinapohitajika. Bima ya mifugo inayotumia setilaiti kupima ukijani wa malisho ilianza Marsabit mwaka 2010, na serikali ikaianzisha Wajir na Turkana mwaka 2015. Malipo yanapofika mapema, mfugaji hununua nyasi wakati ng'ombe bado wako hai.

Hata mwenye mifugo huweza kukwama. Mafuriko ya mwishoni mwa 2006 yalileta homa ya Bonde la Ufa, na soko la mifugo la Garissa likafungwa. Soko nalo ni mhimili.

Dadaab, penye kambi za wakimbizi katika kaunti hii, inatufundisha pia umuhimu wa mihimili. Kenya, Somalia na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi zilitia saini mkataba wa kurejea kwa hiari Novemba 2013. Maelfu walirudi Somalia. Baadhi yao wakaja tena Dadaab, kwa kuwa Somalia walikosa usalama, shule na kazi. Safari ya kurudi haimalizi ukimbizi mpaka riziki ipatikane.

Kwa hiyo ninapendekeza maana hii: ustahimilivu wa jamii ni uwezo wa jamii kubeba pigo la maafa na kuendelea kupata riziki, kwa mihimili iliyowekwa kabla ya pigo.

Wafasiri, wahariri na maofisa wa kaunti wanaoandika mipango ya wadi ya Iftin mjini Garissa na wadi jirani, litumieni neno hili. Na kila mnapoandika kwamba mradi unajenga ustahimilivu, andikeni papo hapo ni mhimili gani unaowekwa, nani atautunza, na utakuwa tayari kabla ya msimu gani wa mvua.