Makumbusho ya Wasukuma, Bujora

Makumbusho ya Wasukuma ni kituo cha utamaduni kilichopo Bujora, Kisesa, katika Wilaya ya Magu, mashariki ya jiji la Mwanza, karibu na barabara kuu ya Musoma. Kilianzishwa na Padri David Clement, mmisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika kutoka Quebec, Kanada. Alianza kazi hapo miaka ya 1950. Makumbusho yenyewe yalianzishwa mwaka 1968.

Hapa majengo nayo yanasimulia. Kanisa la Bujora ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya msonge. Jengo la watemi limepewa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma na viti vya watawala wa Usukuma. Pembeni zipo nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga na boma la familia. Jengo jingine linahusu Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa jadi.

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, vyama hivyo hukutana katika sherehe ya Bulabo.